Usukani Upande wa Kulia

Pesa zimo ndani ya soksi ya sufu, soksi imo kifuani,
na kifua changu hakijapumua sawasawa tangu Alvani.
Kondoo thelathini na wawili. Jibini ya kiangazi kizima.
Na pete, ambayo Imeda bado hajaniuliza.

Soko la magari la Rustavi halina mwisho:
safu kwa safu, bei zimechorwa kwa chaki viooni,
na wanaume wanayapiga mateke matairi
kana kwamba tairi likiumia litasema kweli.

Nilimwambia usiku: tuko sita.
Wewe, mimi, watoto watatu, mama yako na goti lake.
Juni, barabara ya Omalo ikifunguliwa,
tutapanda na magodoro, chumvi ya kondoo, mbwa,
tutavuka maji yanayogusa milango.
Hatununui gari la kuonwa nalo harusini.
Akaitikia gizani.
Gizani kila mtu ana busara.

Sasa amesimama mbele ya Pajero nyeusi
na namwona anavyolainika.
Inang'aa. Bei yake iko chini, chini mno.
Muuzaji ana viatu vyenye ncha. Anasema
imetoka Ujerumani, kwa daktari mzee
aliyekwenda nayo kanisani tu.
Ee Mungu, Ujerumani ina madaktari wazee wangapi,
na wote wacha Mungu!

Nikatandika shali yangu chini, nikalala chali, nikaingia uvunguni.
Kule chini hakuna daktari.
Kuna lami mbichi iliyopakwa juu ya chesisi
kama poda juu ya kidonda.
Nikachomoa sindano yangu ya kufumia, nikaichoma:
ikazama kama kwenye jibini ya jana.
Nikauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake,
na pale mwishoni, mahali asipotazama mtu,
mstari mwembamba wa tope.
Hili gari limewahi kulala mtoni.

"Dada," akasema viatu vyenye ncha.
Mimi si dada yake.
Uzuri wa mkakasi, nikamnong'oneza Imeda,
naye akaishika Pajero begani, kwenye bodi,
kama mtu anayemuaga farasi.

Delika tuliikuta karibu na choo cha soko.
Ya kijivu, imetoka Japani, usukani kulia,
umri wake sawa na wa Torghva wetu, kumi na sita,
na kama Torghva, haijaoga.
Mwenyewe, Jumberi, alikuwa akila mkate.
"Hita ya nyuma imekufa," akasema kabla hatujamsalimu.
"Gea ya pili hunung'unika asubuhi ya baridi.
Dirisha hili ulisaidie kwa kiganja.
Watoto wangu wamehama. Viti vimenizidi."
Mtu anayeanza na ubaya wa mali yake
namwamini nusu.
Nusu ya pili niliiachia sindano.
Sindano iligonga chuma. Ti. Ti. Ti.

Tulipotoka uvunguni, Babale hayupo.
Ameshaufungua mlango wa kuteleza, ameshapanda,
goti halikulia,
amejifunika blanketi na anauliza chai iko wapi.
Basi tena, utajadili bei vipi
na mama mkwe amekwisha hamia?
Jumberi alitaka elfu kumi na nne. Tulikuwa na kumi na mbili na mia sita,
na gurudumu la jibini kwenye mfuko.
Akalinusa gurudumu kwa muda mrefu.

Imeda alihesabu noti mara mbili.
Mara ya pili alikuwa anatazama kidole changu.
Hakusema kitu. Alinisogezea kioo cha pembeni,
kidogo, kidogo tena, mpaka nikaiona barabara.

Na sasa mbele yetu lori la zabibu linatambaa.
Yeye amekaa kulia, ukingoni, haoni ila mgongo wa lori.
Mimi, kushoto, naona yote yanayokuja.
"Vipi?"
Bado. Kuna basi.
"Sasa?"
Bado, Imeda.
Nyuma Babale anakoroma, zabibu zinadondoka lamini moja moja,
na mume wangu, asiyewahi kuuliza njia,
anangoja neno langu.